Plagi Zafanana, Umeme Haufanani

Plagi kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba ni yake. Kila anayenunua kompyuta ya mezani iliyotumika hapa Busia, iwe upande wa Kenya au wa Uganda, angefaa kulijua hilo kabla ya kushika bisibisi. Mashine zetu hutoka kila upande: hii imepitia Luthuli Avenue jijini Nairobi, ile imeshuka kutoka Kampala, na kabla ya hapo zilikaa katika ofisi za Ulaya, Dubai au Marekani. Pawa saplai ya mashine moja ikifa, huchomolewa ya nyingine iliyo karibu, na ikikosewa huondoka na mazabodi iliyokuwa nzima.

Tuanzie ukutani. Kenya na Uganda zote hutumia volti 240, kwa hiyo kuvuka mpaka hakubadilishi kitu. Ila mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa na swichi ndogo nyekundu mgongoni iliyowekwa kwenye 115. Katika hali hiyo saketi ya ndani huzidisha mara mbili umeme unaoingia. Ukiichomeka kwenye 240, kapasita zinazohimili takriban volti 400 kwa pamoja hupelekewa karibu 680, nazo hupasuka papo hapo. Swichi hiyo iwe kwenye 230 kabla waya haujagusa ukuta.

Mpangilio wa kawaida wa pawa saplai, uitwao ATX, ulitolewa na Intel mwaka 1995. Plagi kubwa ilikuwa na pini 20, baadaye zikawa 24. Waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na mweusi ni hasi. Zambarau hubaki na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Ndiyo sababu hatuchomeki wala kuchomoa kitu kwenye mazabodi kabla ya kung'oa waya wa ukutani.

Kuna plagi ya pili ambayo wengi huisahau: ya pini nne au nane, karibu na prosesa. Prosesa ya wati 65 hufanya kazi kwa takriban volti moja, maana yake huvuta ampea zipatazo 65. Mkondo mkubwa hivyo hauwezi kusafirishwa kwa waya mwembamba kutoka nyuma ya kasha. Kwa hiyo hupelekwa volti 12 kwa ampea tano na kitu, kisha mazabodi huzishusha palepale prosesa ilipo. Ukiona feni zinazunguka lakini kioo kiko giza, tazama plagi hiyo kabla hujamlaumu mtu wala kifaa.

Balaa kubwa, kwa maoni yangu, liko kwenye mashine za kampuni zilizoacha mpangilio wa kawaida. HP EliteDesk 800 G1 hutumia plagi kuu ya pini sita. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, ya pini nane. Mashine hizi zote hupokea volti 12 pekee, na mazabodi yenyewe hutengeneza 5 na 3.3, hata umeme wa diski hutoka kwake. Sasa, plagi ya pini sita ya kadi ya picha inafanana sana kwa macho na ile ya HP, na ya pini nane ya prosesa inafanana na ile ya Dell. Mpangilio wa waya ndani yake ni mwingine kabisa. Zipo adapta za kuunganisha pawa saplai ya kawaida na mashine hizi, na baadhi zina saketi ndogo iliyofichwa ndani ya ganda la waya, inayoinua volti 5 za kusubiri hadi kiwango ambacho mazabodi inataka. Fundi anayekata adapta hiyo na kuunganisha waya kwa rangi anaua kazi ya saketi hiyo.

Ikiwa ni ATX ya kawaida, ipime kabla ya kuifunga. Ikiwa haijaunganishwa na mazabodi, unganisha pini ya waya wa kijani na ya mweusi kwa kipande cha waya, ichomeke ukutani, kisha soma kwa multimeta. Njano isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6, nyekundu ikae kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, iweke kando. Usiifungue: kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuzimwa.

Na waya zinazochomoka pande zote mbili zisihamishwe kutoka pawa saplai moja hadi nyingine, kwa kuwa upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio wa pamoja kati ya kampuni. Iliyokufa nayo usiitupe haraka. Nenda nayo dukani, usome namba ya modeli kwenye lebo yake, uombe hiyo hiyo.