Kuunganisha Ruta ya Nyumbani na Modemu Mpya

Mkazi wa Kata ya Kigombe anayefungiwa modemu mpya halazimiki kuitupa ruta yake ya zamani. Modemu huleta intaneti ndani ya nyumba. Ruta huigawa kwa simu na kompyuta za familia.

Kwanza, vifaa vyote viwili vizimwe. Waya uchomekwe kutoka tundu la LAN la modemu hadi tundu la WAN la ruta. Modemu iwashwe, taa zake zikitulia ndipo ruta nayo iwashwe.

Iwapo taa zinawaka lakini intaneti haipatikani, huenda vifaa hivyo vinagongana kwa kutumia anwani moja, mathalani 192.168.1.1. Waya wa modemu uchomolewe, ukurasa wa mipangilio ya ruta ufunguliwe, na anwani ya ruta ibadilishwe kuwa 192.168.2.1. Kisha waya urudishwe na ruta iwashwe upya.

Nenosiri la kiwandani lisiachwe hata siku moja. Anayelifahamu aweza kumaliza kifurushi cha mwenye nyumba. Na akitapeli watu kupitia mtandao huo, uchunguzi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huweza kuanzia mlangoni kwa asiye na hatia. Ulinzi wa WPA2 au WPA3 uchaguliwe.

Mwisho, ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba. Kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi, na upepo wa chumvi utokao baharini huleta kutu; hivyo dirishani si mahali pake.