Kwa Nini Waifai Hukatika? Uchunguzi wa Kasoro kwa Njia ya Kisayansi

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia majumbani na mashuleni mwetu katika miaka ya karibuni, kimojawapo kinachotumiwa sana lakini kufahamika kidogo ni ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo ambacho hupokea intaneti kutoka nje na kuitawanya ndani ya jengo kwa mawimbi ya redio. Utaratibu huo wa kutawanya intaneti bila waya ndio uitwao waifai. Wenye ruta wengi wana lalamiko moja: mtandao hukatika, hurudi, kisha hukatika tena, bila sababu inayoonekana.

Lalamiko hilo si dogo. Nchini Tanzania maombi ya mikopo ya elimu ya juu hufanywa kwa njia ya mtandao, na matokeo ya mitihani ya taifa husomwa humo humo. Mwanafunzi ambaye mtandao unamkatikia jioni ya siku ya mwisho ya maombi hapotezi burudani; huenda akapoteza mwaka mzima. Shule nayo, ikishindwa kuitambua kasoro, hununua ruta mpya, na ruta hiyo huweza kukatika vile vile ikiwa kasoro haikuwa ndani ya ile ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mtu mwenye elimu ya fizikia ya sekondari anavyoweza kuitafuta kasoro kwa utaratibu, badala ya kubahatisha.

Mawimbi yenyewe

Ruta za nyumbani hutumia hasa masafa ya aina mbili: yale yanayoanzia megahezi 2,400, na yale yaliyo juu kidogo ya megahezi 5,000. Tukigawanya mwendo wa mwanga, yaani meta 300,000,000 kwa sekunde, kwa hezi 2,400,000,000, twapata urefu wa wimbi wa meta 0.125, yaani sentimeta 12.5. Msomaji aikumbuke tarakimu hiyo, kwani tutaihitaji.

Masafa ya megahezi 2,400 hayakutengwa kwa ajili ya intaneti. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, uliyatenga kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba. Ndiyo sababu jiko la maikrowevu hufanya kazi katika megahezi 2,450. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano viyatumie bila leseni, na mwaka 1997 kanuni ya kwanza ya waifai ilitolewa kwa jina la IEEE 802.11. Kwa hiyo waifai ni mpangaji aliyekuja nyuma katika nyumba yenye wapangaji wengi, na yampasa avumilie kelele za wenzake.

Kwanza, gawa tatizo

Neno "imekatika" halitoshi. Kati ya simu ya mwanafunzi na dunia ya nje kuna sehemu tatu: njia ya kampuni inayoleta intaneti, ruta yenyewe, na hewa iliyo kati ya ruta na simu. Kasoro yaweza kuwa katika sehemu yoyote, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kipimo cha kuzitenganisha ni rahisi. Unganisha kompyuta moja na ruta kwa waya, na nyingine kwa waifai. Mtandao ukatikapo, tazama zote mbili. Iwapo ya waya inaendelea vizuri na ya waifai imekwama, kasoro iko hewani au katika redio ya ruta. Iwapo zote zimekwama, tazama taa za ruta. Taa zikizimika zote na kuwaka upya, ruta imejizima, na yafaa kushuku umeme au joto. Taa zikibaki zinawaka kama kawaida, shuku njia ya kampuni. Fanya hivyo mara kadhaa, na kila mara andika saa, mahali na hali ya hewa. Daftari la juma moja litakufundisha mengi kuliko fundi anayekuja siku ambayo mtandao hauna neno.

Kasoro ikiwa hewani

Hapa kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni kelele. Ruta hupeleka nguvu ya takriban wati 0.1, ilhali jiko la maikrowevu huweza kutumia wati 1,000 kupasha chakula. Hata ikivuja sehemu moja tu kati ya elfu kumi, hiyo ni wati 0.1, sawa na nguvu ya ruta nzima. Kiasi hicho hakimdhuru mtu aliyesimama jikoni, bali chatosha kuifunika sauti ya ruta. Kama daftari laonyesha kwamba mtandao hukatika saa za chakula, jibu huenda liko jikoni.

La pili ni majirani. Masafa ya megahezi 2,400 yamegawanywa katika chaneli ambazo vitovu vyake vimeachana kwa megahezi 5, lakini kila matangazo huchukua upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo chaneli zinazofuatana hupandana. Zilizo salama kutumiwa pamoja ni ya 1, ya 6 na ya 11, zenye vitovu katika megahezi 2,412, 2,437 na 2,462. Wengi hudhani kwamba wakikuta majirani katika chaneli ya 1 na ya 6, heri wajifiche katika ya 3. Hilo ni kosa. Ruta zilizo katika chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, kama wazee barazani. Bali aliye katika chaneli ya 3 huwa kelele tupu kwa pande zote mbili, naye husumbuliwa na zote mbili.

La tatu ni kuta. Maelezo mengi yanayokuja na ruta yameandikwa kwa kuzingatia nyumba za mbao na bodi nyembamba, kama zile nilizokaa nilipokuwa masomoni ng'ambo. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji, ambayo humeza mawimbi zaidi, hasa yakiwa na unyevu. Bati, nondo na kioo cha kujitazamia huyarudisha nyuma; tangi la maji huyameza. Mawimbi ya megahezi 5,000 hupungua zaidi yapenyapo ukuta, ingawa huko majirani ni wachache.

Mawimbi yanayorudishwa na kuta hukutana na yale yanayokuja moja kwa moja, na mahali pengine huuana. Sehemu hizo dhaifu huweza kuachana kwa nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimeta 6 hivi. Ndiyo sababu kuisogeza kompyuta kwa upana wa kiganja huweza kuurudisha mtandao. Ruta iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya jengo.

Umeme na joto

Ruta nyingi hupata volti 12 kutoka adapta. Adapta iliyochakaa huweza kuonyesha volti 12 ikiwa haina mzigo, kisha ikashuka ruta inapofanya kazi nzito. Kwa hiyo kipimo kifanywe ruta ikiwa inatumika, na adapta yenyewe isifunguliwe kamwe, kwani ndani yake mna umeme wa volti 230. Ruta isifunikwe kitambaa wala kurundikiwa vitabu.

Tahadhari juu ya dawa ya haraka

Wengi huzima ruta na kuiwasha, na mtandao hurudi. Hata hivyo kupona si ushahidi wa chanzo. Iwashwapo, ruta nyingi huchagua chaneli upya, husafisha kumbukumbu yake na hupoa kidogo. Mambo matatu yamebadilika kwa pamoja, nasi hatujui lipi lililotibu. Kanuni ya maabara ni ile ile: badili jambo moja tu, subiri, andika matokeo, ndipo ubadili jingine.

Walimu wa fizikia waweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la kidato cha tatu au cha nne. Wanafunzi wapime nguvu ya ishara kwa programu ya simu katika kila chumba, wachore ramani ya jengo, kisha waihamishe ruta na kupima tena. Ikidhihirika kwamba kasoro iko katika njia ya kampuni, mkuu wa shule apeleke daftari lenye tarehe na saa. Malalamiko yenye vipimo ni vigumu kuyapuuza.