Mawe Meusi ya Kalima

Mtu aondokaye Kindu na kushika njia ya mashariki hufika Kalima, mji uliozaliwa kwa sababu ya mawe meusi ya vijitoni. Mawe hayo huitwa kasiteriti, nayo ndiyo asili ya bati. Msidhani ni bati la kuezekea nyumba. Lile ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni metali nyeupe, laini, iyeyukayo kwa joto la digrii 232. Hupakwa kwenye makopo ya samaki ili chuma kisishike kutu, tena hutumika kulehemu nyaya za redio.

Kasiteriti ni nzito sana: ujazo wa lita moja ya jiwe hilo wapata kilo 7. Uzito huo ndio siri ya kazi yote. Wachimbaji huchimba mchanga wa kijito kwa sururu na beleshi, huumwaga mferejini, kisha huupitishia maji. Mchanga mwepesi huchukuliwa, mawe meusi hubaki chini.

Mwaka 1932 Wabelgiji waliunda kampuni ya Symétain. Pakatokea migodi, kambi za wafanyakazi, barabara na hospitali. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Waholanzi vya Asia, kulikotoka sehemu kubwa ya bati la dunia. Mara bati la Kongo likatafutwa mno. Mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipandisha kazi ya lazima vijijini hadi siku 120 kwa mwaka. Basi watu wasiopata kuiona Malaya hata katika picha walitozwa jasho kwa vita vya mbali.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na kampuni nyingine, ikazaliwa SOMINKI. Lakini Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili bei isishuke, liliishiwa fedha. Biashara ya bati katika soko la London ikasimama, bei ikaporomoka. Kalima hapakuwa na kosa: mawe yalikuwa yale yale, na mikono ile ile. Hata hivyo mishahara ilikauka. Vita vya mwaka 1996 vikaongeza msiba, na mwaka 1997 ikaundwa SAKIMA mahali pa SOMINKI. Siku hizi wengi huchimba wenyewe, kwa mikono.

Mali ya chini ya ardhi haina mbegu. Iliyochimbwa haioti tena. Kwa hiyo baba auzaye mawe leo, na atenge kwanza karo ya watoto. Na nyumba isiache shamba lake la mpunga. Mchele ulio chunguni haungoji bei ya London.