Je, Wajua Sumaku Iliyotulia Haizalishi Umeme?

Mwaka 1825, mjini Geneva, Uswisi, Jean-Daniel Colladon alikaribia kabisa moja ya uvumbuzi mkubwa wa karne ile. Alikuwa na koili ya waya, sumaku yenye nguvu na kipimo cha mshale cha kutambua umeme. Kwa kuhofia kwamba sumaku ingeuvuta mshale na kumpotosha, alikihamishia kipimo chumba kingine na kukiunga na koili kwa nyaya ndefu. Akaingiza sumaku kwenye koili, kisha akaenda kutazama. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Umeme ulipita na kwisha yeye akiwa bado njiani.

Huko London, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanzia kazi ya kujalidi vitabu, aliuona mshale ukicheza. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma koili mbili zisizogusana. Alipounga betri kwenye koili ya kwanza, mshale uliounganishwa na ya pili ulishtuka, ukarudi. Betri ikaendelea kufanya kazi, mshale haukutikisika. Alipoikata, ukashtuka tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Oktoba 17 aliachana na betri, akachomeka fimbo ya sumaku kwenye koili tupu, akapata umeme kwa mwendo wa mkono wake. Kinachozaa umeme ni badiliko: nguvu ya sumaku iongezeke au ipungue ndani ya koili. Ikikaa vilevile, hata iwe kali namna gani, hakuna kitu.

Jaribio hilo la Oktoba linafanyika hata mezani nyumbani. Waya mwembamba wa shaba unapatikana kwa mafundi wanaosuka mota za feni na pampu. Uzungushe kwenye bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, mara elfu moja au zaidi. Kazi hiyo inachosha, lakini haina njia ya mkato: kila mzunguko huchangia sehemu chache tu kati ya elfu za volti moja, na taa nyekundu ya LED hudai karibu volti 2 ndipo iwake. Waya huo umepakwa vanishi, kwa hiyo ncha zake mbili zikwanguliwe kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Wengi hukwama hapo, wakadhani koili ni mbovu.

Kisha unga kwenye ncha hizo taa mbili za LED sambamba, mguu mrefu wa moja ukikutana na mguu mfupi wa nyingine. Panga sumaku ndogo za neodimiamu ziwe fimbo moja, uisukume kwa kasi hadi katikati ya koili. Taa moja inamweka. Ichomoe kwa kasi: inamweka ya pili. Huo ndio umeme geu, unaobadili mwelekeo, na sijui somo la darasani linalouonyesha wazi kuliko taa hizo mbili zikipokezana. Sumaku hizi ziwe mbali na watoto wadogo; mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Wala koili hiyo isiungwe kamwe kwenye soketi ya ukutani.

Zipo video nyingi zinazoonyesha sumaku na koili vikiwasha balbu vyenyewe, bila betri wala mkono. Usiziamini. Mwaka 1834 Heinrich Lenz alieleza kwamba umeme unaozaliwa kwenye koili daima hupinga mwendo uliouzaa. Dondosha sumaku kali ndani ya bomba nene la shaba uone: haigandi kwenye shaba, lakini inashuka taratibu, ikizuiwa na umeme inaouzalisha yenyewe. Mwendesha baiskeli mwenye dainamo analipa kwa miguu yake, na sehemu ya uzito anaousikia ni huo, ukiacha msuguano wa tairi.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji linafuata kanuni hiyohiyo, kwa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Humo sumaku ndiyo inayozunguka, na koili zimetulia pembeni. Jioni watu wanapowasha taa na pasi, mkondo unaongezeka kwenye koili, sumaku inakuwa nzito kuzungusha, na mtambo unataka kupunguza kasi. Hapo milango ya maji hufunguka zaidi.