Vidole Visivyosomeka

Kwa wakala wa simu, mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa na vilivyobaki. Wakala akampa kitambaa afute, akamtuma akanawe kwa sabuni, wakaanza upya. Wapi! Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020, na mama huyu wa Namasakata, mkoani Ruvuma, hakutaka kubaki bila simu. Mjukuu wake akaweka dole lake. Tangu hapo ujira wa bibi wa kubangua korosho unaingia kwa jina la kijana.

“Ni mafuta ya korosho, mwanangu. Yanakula ngozi.”

Mafuta hayo mazito, ya rangi ya kahawia, yamekaa ndani ya ganda, na yana asidi inayobabua. Anapobangulia nyumbani huchoma korosho kwanza, kwenye karai lililotobolewa, mbali na nyumba, akisimama upande unakotoka upepo. Mafuta yakichuruzika motoni, miali hupanda juu na moshi wake unawasha macho. Akishaziepua, hugaragaza vidole katika majivu na kukaa penye jiwe. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unagonga. Lazima agonge mgongoni mwa ganda, tena kwa kipimo: ukizidisha, punje inapasuka. Ndiyo maana gumba na shahada vya kushoto ndivyo vilivyotangulia kulainika.

Punje nzima za daraja la W320 huwa kama 700 katika kilo moja. Kila moja imepita katika vidole hivyo.

Si kwamba mashine hazikuwapo: viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa nchini kwa mashine za Italia na Japani, kimoja kikiwa Tunduru, vingi vilisimama miaka ya 1980. Korosho zetu nyingi husafirishwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Huko Vietnam, mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu waliofungiwa katika vituo vya waraibu wa dawa za kulevya walivyolazimishwa kubangua, mikono ikiungua.

Nilimuuliza bibi kuhusu glavu. Akasema akizivaa hausikii ufa wa ganda, na anayelipwa kwa kilo hawezi kwenda polepole. Nikawakumbuka wasichana wa viwanda vya hariri vya Guangdong, China, karne ya 19, waliochovya vidole katika maji ya moto wakitafuta ncha ya uzi. Nao walihitaji ncha za vidole zinazohisi, na ndizo zilizoungua.

Yeye linalomkera ni vipande. Punje ikivunjika, ujira unapungua. Akaniuliza: je, mnunuzi huvitupa? Nikamwambia hapana: vina madaraja yake, na watengeneza keki na biskuti huvinunua.

“Kwa bei gani?”