Viza ya Schengen: Kila Sharti Lina Swali Lake

Tuchukue watu watatu walioketi benchi moja katika kituo cha maombi ya viza. Bibi anataka kwenda Hamburg kumuona mjukuu wake mchanga. Mfanyabiashara wa Kariakoo amealikwa kwenye maonesho ya mashine za kufungashia bidhaa huko Milan. Kijana amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Leuven. Ukiwauliza, wote watakujibu kwamba wanaomba viza ya Ulaya. Lakini bibi na mfanyabiashara wanaomba viza ya aina moja, kwa sheria moja, na kila mmoja atahukumiwa na nchi yake: Ujerumani kwa bibi, Italia kwa mfanyabiashara. Kijana hayumo kabisa katika sheria hiyo. Ombi lake liko chini ya sheria za Ubelgiji peke yake. Anayeanza kukusanya karatasi kabla hajajua yuko upande gani huishia kujaza fomu isiyo yake.

Schengen ni kijiji cha Luxembourg ambako, Juni 14, 1985, nchi tano zilikubaliana kupunguza ukaguzi kwenye mipaka yao. Ukaguzi huo ulianza kuondolewa kwa vitendo Machi 26, 1995. Leo eneo hilo lina nchi 29, na Romania na Bulgaria zilikamilisha kuingia Januari 1, 2025. Eneo hili si sawa na Umoja wa Ulaya. Norwe, Uswisi, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja. Ayalandi ni mwanachama wa Umoja lakini ina viza yake. Uingereza haikujiunga hata pale ilipokuwa ndani ya Umoja. Msafiri mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka Paris kwenda London, hata awe na viza halali ya Uingereza, amekwisha kutoka Schengen. Hawezi kurudi Paris kwa viza ileile.

Aina za viza hutajwa kwa herufi. A ni ya kupita uwanja wa ndege bila kutoka nje ya eneo la wasafiri wa kimataifa. Mtanzania, Mkenya na Mganda hawamo katika orodha ya pamoja ya wanaoihitaji, ingawa nchi moja moja inaweza kuongeza masharti yake. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo. Mtu wa Bukavu anayebadilisha ndege Brussels kwenda mbali zaidi hana budi kuangalia jambo hili kabla ya kulipa tiketi, kwa sababu shirika la ndege litamzuia tangu anapoanzia safari. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano wenye viza halali ya Marekani au Kanada.

C ndiyo viza ya matembezi: utalii, kuwaona ndugu, biashara, mikutano, matibabu, kozi fupi. Mwisho wake ni siku 90 ndani ya siku 180. D ni ya kukaa zaidi ya siku 90, kwa masomo, kazi au kuungana na familia, na kila nchi inaitungia masharti yake yenyewe. Herufi B ilikuwapo pia, kwa wanaopita ndani ya eneo hilo kuelekea nchi nyingine, ikafutwa mwaka 2010 ilipoanza kutumika Kanuni ya Viza, yaani kanuni namba 810 ya mwaka 2009 ambayo ndiyo msingi wa A na C hadi leo.

Baada ya aina, linakuja suala la ubalozi. Kanuni inasema ombi lipelekwe kwa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari, kwa muda au kwa lengo. Ukikaa Amsterdam siku nne na Paris siku saba, omba Ufaransa, hata kama ndege inatua Amsterdam. Siku zikilingana na lengo likiwa lilelile, omba nchi utakayoingia kwanza. Wapo wanaochagua ubalozi unaosemwa kuwa mwepesi, kisha wanapanga safari isiyokwenda huko. Afisa akiona ratiba na ubalozi havilingani, ameshapata sababu ya kutilia shaka mengine yote. Unaomba pia katika nchi unayoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Oman huombea Muscat. Mahali ambapo nchi haina ubalozi unaotoa viza, nchi nyingine inaweza kuiwakilisha.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na miezi tisa kwa mabaharia walio kazini. Mwisho ni siku 15 kabla ya kuondoka. Uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 15 tangu ombi likubalike kupokewa, na unaweza kufika siku 45 ikibidi kuchunguza zaidi. Kinachochelewesha wengi ni miadi, hasa kuelekea Juni, Julai na Agosti. Ada, tangu Juni 11, 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kampuni inayoendesha kituo huongeza malipo yake. Kazi ya kampuni hiyo ni kupokea karatasi na kuchukua alama za vidole, na anayeamua ni ubalozi. Mfanyakazi wa dirishani akikuambia faili lako ni zuri, hajakupa viza, na ukinyimwa ada hairudi.

Hapa pana ukosefu wa usawa. Mtalii wa Ufaransa anayekwenda Zanzibar huomba viza mtandaoni au huilipia anaposhuka, kwa kawaida dola 50. Anayetoka Zanzibar kwenda Ufaransa anaeleza maisha yake yote kwa karatasi. Barani Afrika, ni Morisi na Shelisheli tu ambazo raia wake wanaingia Schengen kwa matembezi bila viza. Jambo hili ni la kisiasa na mwombaji mmoja hawezi kulibadilisha dirishani. Anachoweza ni kuelewa anaulizwa nini.

Kanuni inamtaka mwombaji ndiye aondoe shaka, na afisa hana wajibu wa kumtafutia ushahidi. Ukiipanga orodha ndefu ya karatasi, utaona inajibu maswali manne: unakwenda kufanya nini, nani analipa, ukiugua itakuwaje, na nini kitakurudisha nyumbani.

Swali la kwanza hujibiwa na mwaliko, ratiba na mahali pa kulala. Bibi wa Hamburg asitegemee barua aliyoandika mwanawe jioni moja. Mwenyeji akitaka kubeba gharama za mgeni, Ujerumani ina hati maalumu ya dhamana, ambayo anatia saini katika ofisi ya wageni ya mji wake. Hati hiyo inamfunga kisheria kulipia malazi, matibabu na hata kurudishwa kwa mgeni. Ufaransa nayo ina cheti cha kupokea mgeni, ambacho mwenyeji hukiomba kwa meya wa anakoishi. Mfanyabiashara wa Milan anahitaji mwaliko wa waandaaji, na barua ya kampuni yake inayoeleza anatafuta nini katika mashine hizo.

Swali la pili hujibiwa na stetimenti ya benki, na hapa wengi hukosea. Afisa haangalii salio la mwisho tu. Anaangalia mwendo wa fedha kwa miezi kadhaa: mshahara unaingia lini, mauzo yanakuja kwa mpangilio gani, kodi ya nyumba inatoka wapi. Milioni kumi zilizoazimwa na kuwekwa juma moja kabla ya ombi haziongezi imani, kwa sababu mistari iliyo juu yake inaonyesha akaunti ilivyokuwa imelala. Kila nchi huweka kiwango chake cha fedha kwa siku. Ufaransa inataka euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyothibitishwa, 120 kwa asiye nayo, na 32.50 kwa mwenye kile cheti cha meya. Zidisha kwa siku za safari, kisha jiulize kama kipato chako kinaubeba mzigo huo. Kama hakiubebi, punguza siku kabla afisa hajakuuliza.

Swali la tatu ni bima ya safari. Isipungue euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa, kifo na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Wageni wa Zanzibar nao, tangu Oktoba 2024, wanatakiwa kununua bima ya dola 44, kwa hofu ileile ya nani atalipa bili ya hospitali.

Swali la nne ndilo zito. Kanuni inaruhusu kunyima viza pakiwa na shaka ya msingi kama mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha. Mwenye ajira ana barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo. Mwenye biashara ana usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), leseni na kumbukumbu za kodi. Bibi hana mwajiri wala duka, lakini ana pensheni, mume, nyumba yenye hati na watoto wengine wanaomtegemea. Hayo nayo ni majibu, ila lazima yaandikwe na yaambatanishwe, kwani afisa hatayakisia. Anayepata taabu zaidi ni kijana asiye na familia yake wala kipato cha kudumu. Kwake, safari fupi yenye sababu iliyo wazi ina nafasi nzuri kuliko mwezi mzima wa utalii usioelezeka.

Juu ya yote, majibu yakubaliane. Likizo ikiisha tarehe 14 na nafasi ya ndege ni ya tarehe 20, hakuna karatasi ya tatu itakayoliziba pengo hilo. Vishoka wanaouza barua za ajira na stetimenti za kughushi wanauza hatari kubwa zaidi. Ombi huingizwa katika mfumo wa pamoja wa taarifa za viza, ambako hubaki miaka mitano, na ubalozi wa nchi nyingine unauona.

Viza ikitoka, isome kabla ya kukunja pasipoti. Tarehe za uhalali na siku za kukaa ni vitu viwili. Viza iliyoandikwa Juni 1 hadi Julai 5 na siku 20 inakupa siku 20 tu, popote ndani ya kipindi hicho. Siku 15 za ziada zimewekwa ili ndege ikiahirishwa usikwame. Angalia pia idadi ya kuingia: moja, mbili, au MULT, yaani mara nyingi.

Kwa mwenye MULT, hesabu ya 90 kwa 180 haianzi upya kila nusu mwaka. Kila siku unayokuwa ndani, hesabu siku 180 kurudi nyuma, na jumla ya siku ulizokaa isizidi 90. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfanyabiashara wetu akikaa Januari 10 hadi Februari 28 katika mwaka usio mrefu, ametumia siku 50. Akirudi Mei 1 amebakiwa na 40, na lazima aondoke ifikapo Juni 9. Siku zake za Januari zitaanza kumrudia moja moja kuanzia Julai 9. Zamani afisa wa mpaka alihesabu kwa mihuri. Tangu Oktoba 12, 2025 mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka ulianza kuwekwa mipakani kwa awamu ili kuchukua nafasi ya mihuri, na mashine haisahau siku.

Kumbuka pia kwamba viza si amri kwa afisa wa mpaka. Anaweza kuuliza upya lengo, fedha na mahali pa kulala. Nakala za mwaliko, bima na hoteli zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililopelekwa mizigoni.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Isome kama orodha ya maswali ambayo hukuyajibu. Una haki ya kukata rufaa, lakini kwa sheria ya nchi iliyokunyima, na muda wake hutofautiana. Ujerumani, tangu Julai 1, 2025, imefuta utaratibu wa kuuandikia ubalozi uangalie upya uamuzi, hivyo aliyekataliwa huomba tena au huenda mahakamani. Kunyimwa mara moja hakulazimishi kunyimwa mara ya pili. Lakini kurudisha faili lilelile bila kujibu sababu iliyotajwa ni kuchangia euro 90 nyingine.

Hesabu hubadilika kwa aliyekwenda na kurudi. Kanuni imepanga ngazi: aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili hustahili ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, aliyetumia hiyo ya mwaka mmoja katika miaka miwili iliyopita hustahili ya miaka miwili, na baada yake ya miaka mitano. Afisa anabaki na uwezo wa kufupisha muda pakiwa na shaka, lakini lile swali la nne sasa lina jibu ambalo hakuna kishoka anayeweza kulichapa. Ndiyo maana siku chache ulizoongeza kiholela katika safari ya kwanza zinaweza kukugharimu miaka mitano ya safari nyingine. Na kabla ya kuomba viza ya muda mrefu, angalia tarehe ya mwisho ya pasipoti yako, kwa kuwa muda wa viza hauwezi kuvuka wa pasipoti. Anza Uhamiaji, kisha nenda ubalozini.