Akili Inapojitenga na Mwili: Tuielewe Hali Hii

Kamati zetu za parokia huwahudumia watu waliopitia vita, ubakaji au machafuko. Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto Januari 1, 2008, watu wakiwa ndani. Majeraha ya mwili yakipona, yale ya moyoni huweza kubaki kwa miaka mingi.

Mtu akiwa hatarini na hawezi kupigana wala kukimbia, akili yake huweza kumlinda kwa kumweka mbali na maumivu. Shida huanza pale hali hiyo inaporudi baada ya hatari kwisha, mara nyingi akikumbushwa na harufu, sauti au mahali.

Dalili zake
- Kukodoa macho, asisikie anapoitwa.
- Kujiona yuko nje ya mwili wake, au kuona mambo yote kama ndoto.
- Ganzi mwilini au moyoni.
- Kusahau sehemu ya tukio, au saa kadhaa za siku.

Wapo wanaodhani mtu huyu ana pepo au anajifanya. Kumshika kwa nguvu, kumpigia kelele au kumfunga kamba kunaweza kumrudisha kwenye hofu ileile. Akitaka kuombewa, aombewe kwa utulivu.

Tumsaidieje?
1. Mwite jina kwa upole, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Usimguse bila ruhusa yake.
2. Mwombe akanyage chini kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, na apumue polepole.
3. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata.

Hatua za namna hii zimo katika mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International. Hata asiye mtaalamu anaweza kuzifanya akifundishwa.

Hali ikijirudia, apelekwe hospitali, kwa kuwa kifafa na malaria kali huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake.

Ndugu wanakamati na wafadhili, katika bajeti za misaada tumezoea kuweka mabati, mbegu na blanketi. Tuongeze nauli ya kumfikisha mgonjwa kliniki, na mafunzo kwa watu wawili katika kila jumuiya ndogo ndogo.